Ulimi wa Baba Mkwe

Watu wakiniuliza baba mkwe alikufa kwa ugonjwa gani, nasema kongosho. Ni jibu fupi na halizui maswali, maana wengi hawajui kongosho liko upande gani wa tumbo. Nikisema fangasi, mtu ananiangalia kana kwamba nimemtukana marehemu. Fangasi kwa watu wetu ni ya katikati ya vidole vya miguu, ya kichwa cha mtoto aliyenyolewa kwa wembe mchafu, ya wanawake wanaonong'ona dirishani kwenye duka la dawa. Mzee wa kanisa, mwenye chai na migomba yake kule Kinyala, hauawi na kitu cha namna hiyo. Mume wangu mwenyewe, siku daktari alipotuita kutueleza, aliuliza, "Fangasi hii hii ya kwenye viatu?" Daktari akamjibu kuwa ni ya ukoo huo huo. Mume wangu akacheka, halafu akaanza kulia hapo hapo alipokaa. Nilimshika mkono mbele za watu, jambo ambalo sisi wawili hatuna mazoea nalo.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya huku kwetu Rungwe. Nimekaa wodi ile mpaka watoto niliowapokea wameanza kuja kujifungua wao wenyewe, na wakifika wananiita bibi, na mimi nawaambia bibi ni mama zao. Nasema haya ili ieleweke kwamba wakati baba mkwe anaumwa sikuwa mbali. Sikuwa Dar es Salaam nikisubiri simu. Nilikuwa jengo hilo hilo, na sare yangu, na ujuzi wangu, na funguo za kabati la dawa mfukoni. Kati ya wodi yangu na chumba alicholazwa palikuwa na ukumbi mmoja tu, na pembeni yake benchi la mbao la kukalia ndugu.

Kilichokuwa katikati yetu ni kitu kingine. Kwetu Wanyakyusa mwanamke aliyeolewa humwogopa baba mkwe wake. Kumwogopa maana yake ni kumpisha. Hamkutani njiani, hamtazamani usoni, hamli pamoja, hamwitani majina. Shangazi yangu alinifundisha nyumbani kwetu, upande wa Igogwe, wiki ile ya harusi: ukisikia anakuja, ingia kwenye migomba, geuza mgongo, ngoja apite. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa tayari na cheti cha uuguzi, na nilimcheka shangazi. Lakini nilipofika Kinyala na kusikia hatua zake kwa mara ya kwanza, niliingia kwenye migomba kwa kasi mpaka nikapoteza kandambili moja.

Siku hizi mambo yamelegea. Wasichana walioolewa juzi juzi wanapiga picha na baba wakwe zao wameshikana mabega, wanaziweka kwenye simu, na anga halijaanguka. Baba mkwe aliziona picha hizo kwa majirani na hakusema neno baya. Alisema tu kwamba yeye ameshazoea mtindo wake na hana umri wa kujifunza mwingine. Na mimi, niseme kweli, niliupenda mtindo wake.

Watu wa nje wanadhani katika desturi hii ni mwanamke tu anayekimbia. Hawajui kwamba mzee naye anakimbia. Baba mkwe alikuwa akianza kukohoa tangu kwenye mparachichi wa mpakani, kikohozi kikavu cha mtu asiyeumwa kifua, ili nipate muda wa kuondoka uani bila kubabaika. Nikiwa jikoni na yeye yuko sebuleni, alikuwa anauliza kwa sauti, akiuelekea ukuta, "Huyo aliye jikoni, watoto wake wameamkaje?" Mama mkwe ananigeukia na kunirudishia swali zima kana kwamba mimi ni kiziwi. Nami namjibu mama mkwe, naye anageukia ukuta na kulipeleka jibu langu, hatua mbili tu, neno kwa neno. Ikifika mara ya tatu tunaanza kucheka, sisi jikoni na yeye kule ndani. Kila nilipoondoka kurudi kwangu Ibighi nilikuta kizingitini mkungu wa ndizi ambao hakuna aliyesema ameuweka nani.

Nilimpenda mzee yule. Sijui kama neno hilo linaruhusiwa kwa baba mkwe, lakini ndilo lililopo.

Aliugua baada ya harusi ya mtoto wa jirani. Alikula nyama yenye mafuta akashiba, akarudi nyumbani, na kabla ya kulala tumbo likamkaza juu ya kitovu na kupenya mpaka mgongoni. Alfajiri walimleta kwa pikipiki ya shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, amekaa katikati, mama mkwe amemshika kwa nyuma. Vipimo vilionyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo, na jiwe dogo mojawapo lilikuwa limeshuka na kuziba njia. Kongosho ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Kinatengeneza maji makali ya kusaga tunachokula. Njia ikizibwa, maji yale yanabaki ndani na kuanza kukisaga kiungo chenyewe.

Daktari wetu, kijana mwenye adabu, aliuliza kama inavyompasa, "Mzee anatumia kilevi?" Maana pombe nayo huleta ugonjwa huo. Mama mkwe alisimama.

"Huyu?" alisema. Kiswahili chake kimelelewa na Kinyakyusa, hakina herufi z wala r. "Huyu msee hata togwa iliyolala hanywi! Ulisa kanisa lote!"

Daktari akaomba radhi. Lakini swali lilikuwa limesikika, na mchana ule ule wagonjwa wa wodi ya wanaume walikuwa wanajua kwamba mzee wa kanisa kaletwa na ugonjwa wa walevi. Mama mkwe aliumia sana. Tangu saa ile yeye na shemeji yangu walijiwekea kazi ambayo hakuna aliyewapa: kulinda jina la mgonjwa. Nawaelewa. Mtu akiwa amelala uchi chini ya shuka, na mirija imemwingia puani na shingoni, ndugu zake hawana cha kumfanyia isipokuwa kumlinda asidharaulike.

Alihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, chumba kidogo chenye vitanda vichache na mashine zinazolia kama vifaranga. Chakula kilipita kwenye mrija wa puani. Dawa zilipita kwenye mrija wa shingoni. Homa ilipoanza akapewa dawa za kuua bakteria, na iliporudi akabadilishiwa nyingine kali zaidi. Wauguzi wa pale walikuwa wachache na wagonjwa wazito, kwa hiyo ndugu mmoja aliruhusiwa kuingia asubuhi kumwogesha mtu wake. Kwa baba mkwe aliingia shemeji yangu au mama mkwe. Mume wangu, ambaye ni fundi mitambo katika kiwanda cha chai, alifika jioni akitoka kazini.

Mimi nilikaa kwenye benchi la ukumbini. Kabla ya zamu, baada ya zamu, na kila nilipopata nafasi katikati. Wenzangu walinitania.

"Sista, kwani mkwe wako ni mgonjwa au ni simba?" aliniuliza mmoja.

"Simba ningeingia," nilimjibu. "Simba hana adabu ya kuvunjiwa."

Mume wangu hakunitania. Alichoka na akakasirika. "Ingia, mke wangu," aliniambia tukiwa nyumbani. "Wewe ndiye unayejua. Mimi naingia mle naona taa tu zinawaka."

"Baba yako aseme mwenyewe," nilimwambia. "Akisema nije, nitakwenda mbio. Lakini sitamvizia mtu aliyenipisha miaka yote, eti kwa sababu leo hawezi kuamka."

Aliinamisha kichwa, maana alijua nasema kweli. Wagonjwa wananiona mimi kila siku, nawashika popote panapohitaji kushikwa, na sioni aibu yoyote. Ila mzee huyu mmoja alikuwa na haki ya kutoonwa na mimi, na ilikuwa ndiyo haki pekee iliyombakia katika kile chumba. Hivyo ndivyo nilivyoliona jambo hilo. Mpaka leo sijaweza kusema kwamba niliona vibaya, na hilo ndilo linalonitesa. Ingekuwa uvivu au woga ningejisuta nikamaliza.

Nilifanya kilichowezekana kupitia kwa wengine. Shemeji yangu akitoka ndani nilikuwa namhoji kama askari. Mkojo umetoka? Una rangi gani? Anapumua haraka? Tumbo limejaa? Mdomo je, mkavu? Naye ni kijana mchangamfu wa stendi, hata katika shida haachi lugha yake. "Mzee yuko freshi, shem. Mdomo msafi kabisa, nimeupiga deki mwenyewe." Nilimshukuru. Wauguzi wa chumba kile nao walimsifu, wakasema laiti wagonjwa wote wangekuwa na ndugu kama huyu, mgonjwa wake daktari akifika anamkuta anang'aa.

Homa haikushuka. Ilipumzika kidogo na kurudi, ilipumzika na kurudi, na dawa kali kuliko zote tulizonazo ilikuwa inaingia mwilini mwake. Daktari aliwaza usaha kwenye kongosho lililooza, na alikuwa sahihi kuwaza hivyo. Mimi pale kwenye benchi nikawaza vivyo hivyo. Nilikuwa nawaza kwa masikio.

Asubuhi moja nilitoka kumwaga maji nikamkuta shemeji yangu kwenye bomba la nje, amechuchumaa, anafua kitambaa kidogo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la jiko la hospitali na hakunisikia. Kwenye kitambaa kulikuwa na vipande vyeupe, kama maziwa yaliyoganda, na michirizi ya damu.

"Hicho ni nini?"

Alishtuka, akakikunja. "Uchafu wa ulimi tu, shem. Unatoka kila siku. Nautoa kabla daktari hajapita."

"Tangu lini?"

"Muda kidogo." Akatazama pembeni. "Shem, wazee wa kanisa wanakuja kumwombea. Wakimkuta mdomo mweupe vile, unajua watasemaje. Tulishasemwa kwa pombe. Mama akasema mara hii hapana."

Nilijua watasemaje. Mkoa wetu umezika watu wengi kwa ugonjwa ule mwingine, na hakuna mtu mzima hapa asiyewahi kuona ulimi wa namna ile kwenye kitanda cha ndugu au jirani. Mtu hahitaji kuambiwa. Anaingia, anasali, anautazama mdomo, anatoka na hukumu yake, na kabla ya jioni imefika Kinyala. Kijana huyu alikuwa ameamka kila siku na kuusugua ulimi wa baba yake mpaka unatoa damu ili jambo hilo lisisemwe. Sikuweza kumgombeza. Nilichukua kitambaa mkononi mwake, nikasimama nacho kwenye ukungu.

Fangasi hii inakaa mdomoni na tumboni mwa watu wenye afya, kimya, haina madhara. Bakteria wanaoishi nayo wanaibana, kila mmoja na sehemu yake. Ukimwaga dawa kali siku baada ya siku, bakteria wanafagiwa, wazuri na wabaya, na yenyewe inabaki na uwanja mzima. Kwa mtu mwenye kongosho lililoharibika utumbo nao umelegea, unavujisha, na mrija wa shingoni ni mlango mwingine. Ikishaingia kwenye damu, dawa za bakteria haziigusi hata kidogo. Ulimi mweupe peke yake hauthibitishi kwamba imeingia kwenye damu. Lakini kwa mgonjwa wa namna ile, mwenye homa isiyosikia dawa, ungemfanya daktari yeyote asimame na kuuliza. Daktari wetu hakusimama kwa sababu kila alipopita aliona ulimi mwekundu, safi, wa mtu aliyetunzwa.

Nilikwenda kumtafuta daktari, nikaambiwa yuko chumba cha upasuaji. Nikaenda mlangoni kwa wagonjwa mahututi, nikamkuta muuguzi wa zamu peke yake, amepanda juu ya kitanda cha mgonjwa mwingine anamkandamiza kifua. Aliniona akapiga kelele nimsaidie mpira wa kupumulia. Nikaingia bila kufikiri. Tulimhangaikia yule mgonjwa mpaka akarudisha pumzi. Nilipogeuka nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda cha baba mkwe.

Nilivaa barakoa, kofia, joho la plastiki na glavu mpya. Nilijiambia kwamba mwenye mavazi haya si mkwe, ni mfanyakazi wa hospitali. Nikasogea upande wa kichwani.

Uso wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Miaka yote nilikuwa nimemjua kwa mgongo, kwa kofia, kwa kiatu kinachokanyaga zaidi upande wa nje. Sikujua kwamba mume wangu kachukua pua ile ile. Sikujua kwamba mzee ana kidoti juu ya mdomo, na mwanangu wa pili anacho hapo hapo, nami siku zote nilisema kakitoa kwetu.

"Mzee, nifungulie mdomo kidogo," nilisema kwa sauti ya kazini.

Akafungua. Niliwasha taa ya simu. Ulimi ulikuwa umechubuka lakini safi. Nyuma, kwenye kaakaa na kuelekea kooni, ambako kitambaa cha shemeji hakikufika, ulikuwepo utando mzito mweupe, umeota kama ukungu kwenye ukuta wa nyumba iliyofungwa.

Nilipozima taa alikuwa amefungua macho. Alikuwa ananitazama. Nimeona wagonjwa wengi waliopotea, wanatazama dari, wanatazama kitu ambacho wewe hukioni. Yeye hakutazama hivyo. Alinitazama mimi, kati ya barakoa na kofia, na midomo yake ikacheza.

Na mimi nikainamisha uso. Sikupanga. Shingo yangu iligeuka yenyewe kama ilivyokuwa inageuka kule kwenye migomba. Nikajifanya natafuta kitu kwenye trei, nikasogeza bomba la sindano ambalo halikuwa na kazi, nikatoka. Nilijiambia ni homa tu inayomfumbua macho, hajui ni nani.

Daktari alitoka upasuaji na nilimweleza yote ukumbini, pamoja na kitambaa. Hakupoteza muda. Alichukua damu ipelekwe maabara ya Mbeya kuotesha vijidudu vilivyomo, akaagiza mrija wa shingoni utolewe na kuwekwa mwingine, akaandika dawa ya fangasi ya kupita kwenye mshipa. Kwetu hazikutosha. Mume wangu aliomba ruhusa kiwandani akazifuata Mbeya, akarudi mvua imemloanisha mpaka kwenye mifupa na boksi la dawa likiwa kavu kifuani. Majibu ya damu yalipokuja yalisema tulichokuwa tumeshaanza kukitibu.

Homa ilishuka. Hilo nitalisema kwa sababu ni kweli na kwa sababu ndilo lililotuumiza zaidi. Kwa siku kadhaa ilishuka, shemeji yangu akarudisha utani wake, mama mkwe akaanza kuzungumzia nani atavuna chai iliyokomaa. Mimi nilirudi kwenye benchi langu. Sikuingia tena. Niliona nimeshatoa nilichokuwa nacho, na heshima ya mzee irudi mahali pake.

Kisha figo zikaanza kugoma, na shinikizo la damu likaanguka, na hakuna dawa iliyolinyanyua. Alifariki asubuhi, wakati mimi niko na mwanamke wa Kinyala katikati ya uchungu. Mwenzangu alikuja kusimama mlangoni. Nilimpokea mtoto, nikamfunga kitovu, nikamkabidhi kwa mama yake, nikampongeza. Ndipo nikaenda stoo, kwenye maboksi ya pamba, nikakaa chini.

Daktari alinieleza baadaye, na sidhani alikuwa ananifariji. Alisema kongosho lilikuwa limeoza sehemu kubwa. Alisema hata katika hospitali kubwa wagonjwa wa hivyo wanapotea. Alisema tungeanza mapema huenda angepona na huenda asingepona, na yeye hawezi kuapa upande wowote. Niliyakubali maneno yake kwa sababu ndiyo ninayowaambia akina mama wanaopoteza watoto. Sasa najua yana ladha gani mdomoni mwa anayeambiwa.

Msiba ulikuwa mkubwa, kama misiba ya kwetu ilivyo. Wazee wa kanisa walimsifu kwa usafi na kiasi. Hakuna aliyetaja ulimi, hakuna aliyetaja pombe. Jina lake lilifika kaburini halina doa, na shemeji yangu alilia huku watu wakimwambia amemtunza baba yake vizuri. Nilimtazama, nikaomba moyoni asije akajua maana ya kile kitambaa. Daktari na mimi hatukumweleza, na mume wangu naye hakumweleza mdogo wake.

Wageni wa mbali walibaki. Siku moja baada ya mazishi nilikuwa jikoni Kinyala na mama mkwe, tunamenya ndizi za mchana, beseni katikati yetu. Nilikuwa bado nakaa na mgongo kwenye mlango wa sebuleni, kwa mazoea. Mama mkwe akasema, bila kunitazama:

"Msee alikuwa anakuulisia."

Nilidhani anazungumzia zamani. "Kuniulizia nini, mama?"

"Pale hospitali. Kabla hajaansa kulala lala. Akasema, mwiteni yule wa wodi ya wasasi aje aniangalie mdomo, mdomo unawaka moto." Akatupa ganda. "Tukatasamana na mdogo wa mumeo. Tukasema homa imempanda kichwani. Mtu kama yule amwite mkwe wake chumbani, amelala vile? Kesho yake akasema tena. Tulimwonea aibu, mwanangu. Tukanyamasa. Hatukutaka watu wajue kwamba ameansa kuweweseka."

Kisu changu kilikuwa kimesimama.

"Halafu siku ile uliyoingia," aliendelea, "mimi nilipokuja kumwona, akaniambia, 'Amekuja.' Basi. Baada ya hapo akawa anaangalia mlango. Ukifunguka anafungua macho, akiona ni sisi anafumba."

Alikuwa amesema mwenyewe. Alikuwa amesema mara mbili, na akili zake timamu, mzee aliyekuwa amenipisha miaka yote ya ukwe wetu, alikuwa ameamua kuniita, na neno lake lilifia mikononi mwa watu waliompenda. Nilipofika kwa bahati, alinitazama, akataka kuniambia kitu, na mimi nikageuka kutafuta kitu kwenye trei. Nitajuta hilo mpaka nizeeke. Namjutia yeye, namjutia ule mdomo uliowaka moto na kusuguliwa kila asubuhi, na huku anamngoja mtu aliyekuwa ng'ambo ya ukumbi tu. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumuuliza mama mkwe kwa nini hata mara moja hakutoka akaniambia, hata kwa kunicheka.

Nilipoinua uso alikuwa ameacha kumenya. Amezeeka ghafla msibani, ngozi ya shingo imelegea, macho yamevimba. Alikuwa ananitazama kama wanavyonitazama akina mama wodini ninapomshika mtoto asiyelia.

"Tungekuita siku ile ya kwansa," alisema, "ungemsaidia?"

Ningeweza kumwambia kwamba sijui, au ningeweza kumwambia ninachokiamini, kwamba ningefungua mdomo ule siku ya kwanza na kila kitu kingekwenda njia nyingine. Sauti yangu ilitoka ile ya kazini.

"Hapana, mama. Ugonjwa ulikuwa umeshamzidi. Nisingeweza kitu."

Aliendelea kunitazama kidogo, akitafuta kwenye uso wangu, nami sikuinamisha macho.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa lugha ya kwetu, akashusha pumzi ndefu. Kisha akachukua ndizi nyingine, na mimi nikachukua yangu, kwa sababu wageni walikuwa hawajala.